Kitambulisho cha Mbwa

Mama mmoja aitwaye Na Khe aliutoa wali wa kunata kinuni, akaufinyanga madonge, akayapaka ufuta, na donge la kwanza akampa mbwa. Nyumba zote za Walahu, watu wa milima ya kaskazini mwa Thailand, hufanya hivyo Mwaka Mpya, maana mbwa ndiye aliyewaletea mbegu ya mpunga. Mbwa alitafuna, akameza, akashukuru kwa Kithai.

"Tena cha Bangkok," alisema Ja Ui, mumewe, huku akiendelea kusugua upinde wake. "Mama Na Lo, huyu kalala chini ya sakafu ya shule maisha yake yote. Angekosaje kujua?"

"Heri yake."

Na Khe alizaliwa mlimani hapohapo, na mama yake pia, ila Kithai kilimpiga chenga. Bila Kithai hupati kitambulisho, na bila kitambulisho askari wa kizuizi cha barabarani hawakuruhusu kushuka mjini. Na huko mjini, hospitalini, binti yao Na Lo, aliyejifunza Kithai shuleni akapata chake, alikuwa ameshashikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Na Khe alitaka kuwa naye, basi.

Akaenda na mbwa ofisi ya tarafa, upande wa huku wa kizuizi. Ofisa alimuuliza Na Khe swali kwa Kithai, naye akatabasamu tu. Mbwa aliona haya kwa niaba ya nyumba. Akajibu yeye, kisha akaimba wimbo wa taifa mpaka mwisho. Ofisa alisimama wima. Alipoketi alimpiga mbwa picha, akamwomba arudishe ulimi ndani, akampa kitambulisho.

"Na mimi je?" Na Khe aliuliza kwa Kilahu.

"Anasemaje huyo?" ofisa alimuuliza mbwa.

"Anaulizia chake."

"Mwambie aache uvivu, ajifunze. Mbona wewe umeweza?"

Kizuizini askari alisoma kitambulisho, akampigia mbwa saluti, halafu akamnyooshea Na Khe kidole. "Na huyu?"

Mbwa alifikiri. Alimpenda sana mama huyu.

"Wangu," alisema. "Hana neno, afande. Haumi."

"Mfunge kamba basi. Ndiyo sheria."

Na Khe hakuelewa hata neno moja. Lakini alipoiona kamba aliinamisha shingo mwenyewe, tena upesi, kwa sababu mtoto hasubiri.