Majani Yasiyoona Moto

Anyosisye hakuogopa kazi. Alioka mikate ya Wadachi, akachinja kuku, akasugua sufuria za misheni mpaka mtu angejiona ndani yake, na hakuna aliyemsikia akinung'unika. Lakini kila adhuhuri, mke wa mchungaji alipoita kutoka barazani, "Anyosisye, saladi!", alitamani kuwa kiziwi.

Saladi ilikuwa majani. Majani mabichi, yaliyokatwa bustanini asubuhi na kuliwa mchana bila kuona moto, kana kwamba misheni nzima ilikosa kuni. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Mke wa mchungaji, aliyeitwa Bibi na wote, hakuwa na uvumilivu, akala mbichi. Na laiti yangekuwa majani tu, mtu angesema haya, hata mbuzi anaishi. Bibi aliyamwagia siki ya ndizi zilizooza na mafuta ya kopo yenye harufu ya taa, akatia kitunguu kibichi, akayavuruga kwa miiko miwili, kisha akayatafuna kwa sauti, macho ameyafumba kwa utamu. Utomvu mweupe wa mabua ulimtoka pembeni mwa mdomo. Anyosisye alikuwa na desturi ya kutazama ukuta.

Hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa pipa. Nyuma ya banda Bibi alikuwa na pipa la mavi ya ng'ombe, ameyaroweka na kuyaacha yachache mpaka yakatoa povu la pombe, na kila jioni ilimpasa Anyosisye kuyachota kwa kata na kuyanywesha majani. Yeye hakuwa mtu wa kushangaa mavi. Kwao, kama kwa kila Mnyakyusa anayejiheshimu, mavi ya ng'ombe hutolewa kabla jua halijapanda na kupelekwa migombani. Lakini mgomba ni mrefu, ndizi huning'inia juu, ina ganda, na hupikwa. Majani ya Bibi yalikaa chini kabisa, yamejifumbua, yakinywa. Kesho yake yalikuwa mezani.

Ndiyo maana aliyaosha. Aliyaosha mpaka yakalegea, Bibi akamgombeza kwamba ameyaua. Siku moja aliyapitisha kwenye maji ya moto kwa siri, na Bibi akatokwa na machozi, kweli kabisa, kwa ajili ya majani.

"Onja jani moja tu," Bibi alimsihi mara nyingi. "Ni afya ya mwili."

Anyosisye alikuwa amekula yamini mbele ya mumewe. Atavaa viatu, ataimba nyimbo za Kidachi, atabatizwa huku mvua ikinyesha, lakini jani lile halitapita kinywani mwake hata aambiwe ni dawa ya mauti. Na huyu Bibi ndiye aliyetapika alipowaona wanawake wa ziwani wakikanda mkate wa usubi, wale wadudu wa ziwa! Mkate uliochomwa, jamani, ukaiva.

Basi msimu wa mavuno ya mpunga Bibi akapata wazo. Angewaalika wazee wa vijiji vya jirani wale chakula cha mchana barazani, wazione mboga za bustani, wazipende, wakazipande kwao. Miongoni mwa walioalikwa alikuwa mzee mmoja wa upande wa Ipyana, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Jina lake Nsajigwa. Sisi twaweza kulitaja. Anyosisye hakuweza, kwa kuwa alikuwa baba mkwe wake.

Kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe usoni, wala yeye hamtazami mke wa mwanawe. Jina lake halitamki. Akimsikia njiani huingia migombani na kuinama mpaka apite. Chakula chake atakipika, tena kwa moyo, ila mwingine ndiye atakayekipeleka. Tangu Anyosisye aolewe na Ambilikile, mpasua mbao wa misheni, alichokijua cha baba mkwe wake kilikuwa kikohozi tu. Sasa watu wenye midomo walikuwa wamempelekea mzee fununu kwamba wanawake wa misheni wameacha heshima na wanapita mbele ya wakwe zao vichwa wazi. Mzee akamtumia mwanawe neno moja: "Nakuja kwa huo mwaliko. Nikimwona mkeo, ng'ombe wangu watarudi."

Nao ng'ombe wa mahari hawakuwapo tena. Baba yake Anyosisye alikwisha kuwatoa ili kumwoza kaka yake, na kaka alikuwa na mtoto mchanga. Ng'ombe wakidaiwa, ndoa ya Anyosisye ingevunjika, na ya kaka yake ingeifuata.

Akamwendea Bibi na kupiga magoti. "Bibi, siku hiyo kijana wako Hezroni na apeleke chakula chote mezani. Mimi nitabaki jikoni."

"Hezroni atapeleka nyama," alisema Bibi. "Saladi utaileta wewe, bila nguo kichwani. Nimeliombea sana jambo hili. Mungu hakukupa uso ili uufiche kwa mzee asiyekufanyia ubaya."

"Bibi, atavunja ndoa yangu."

"Hatavunja. Akiuona uso mzuri wa Kikristo, atafurahi."

Kuna watu ambao ukiwaeleza jambo lako hukutazama kwa huruma, na huruma yao ikakuziba mdomo. Bibi alikuwa mmoja wao. Anyosisye akasema "Ndiyo, Bibi," akatoka nje akiwa na hasira.

Ambilikile aliposikia alijishika kichwa. "Ugua," alisema.

"Nikiugua ataninywesha kwinini, kisha atanishika mkono anipeleke mwenyewe."

"Kimbilia kwenu."

"Nikikimbia, baba yako atasema nini? Kwamba nimeiacha nyumba yake."

Ambilikile akarudi kwenye msumeno wake. Alikuwa mume mwema lakini akili yake ilipenda mbao zaidi.

Siku yenyewe, asubuhi, Anyosisye alichuchumaa bustanini na kisu mkononi, akiyatazama majani kwa kinyaa kilekile cha kila siku. Yalikuwa yamenenepa. Yalikuwa mapana, yamesimama, yanang'aa kwa vitu alivyoyanywesha mwenyewe. Akaliinua moja mbele ya macho yake ili alitukane vizuri, na mara hakuiona tena nyumba ya misheni. Hakuliona banda wala mlima. Aliona jani tu.

Akakata tuta zima.

Jikoni alichukua bakuli kubwa kuliko yote, chungu kipana ambacho Bibi alikinunua kwa Wakisi, wafinyanzi wa Matema. Akayapanga majani humo kama mtu anayeezeka nyumba, safu juu ya safu, mafuta yakishikanisha, mpaka kichuguu kikapanda juu kupita kimo cha uso wake. Hakuwa na nafasi ya kuosha kila mkunjo. Bibi alipochungulia mlangoni alishika mashavu yake kwa furaha.

"Anyosisye! Hatimaye umeipenda saladi!"

"Ndiyo, Bibi," alisema Anyosisye, na uongo ule ulikuwa na ladha ya siki.

Akabeba. Ili kichuguu kimfiche ilimbidi akikumbatie, na ili asione wala asionekane ilimbidi auzamishe uso wake karibu kabisa na majani. Siki ikamchoma macho. Mafuta yakatiririka viganjani, yakashuka mpaka kwenye viwiko, ya baridi. Chini ya siki, chini ya kitunguu, alisikia harufu ya pipa, safi kabisa, harufu ya jioni zake zote. Akabana pumzi, akatoka barazani.

Wageni aliwajua kwa sauti. Lazaro, mzee wa kanisa, alikuwa mkalimani. Huyu alikwisha kujifunza kumeza saladi bila kuitafuna, kama mtu anavyomeza dawa. Kulikuwa na wazee wengine wawili wakinong'ona. Kisha akasikia kikohozi. Miguu yake ikataka kukimbilia migombani, akailazimisha kusimama.

"Tazameni!" alisema Bibi, na miiko ikaanza kuteka.

Hapo ndipo Anyosisye alipogundua kwamba pazia lake ni chakula. Kila Bibi alipoteka, kichuguu kilipungua. Kiliachia nywele zake, kikaachia kipaji cha uso. Akakunja magoti kidogo ili ashuke pamoja nacho.

"Simama wima, binti yangu," alisema Bibi kwa upole.

Akasimama wima. Na hapo, kwenye mkunjo wa jani lililokuwa mbele ya pua yake, kitu kikajinyoosha. Alikuwa koa, mnene, wa kijivu, hana nyumba wala haya, akitembea juu ya ute wake mwenyewe. Anyosisye hakuwa na mkono wa kumtoa. Koa alinyoosha vipembe vyake, akaamua kwamba njia yake inapita kwenye mdomo wa juu wa mke wa Ambilikile, akaja. Ee Kyala, Mungu wangu! Mate yalimjaa mdomoni, matapishi yakapanda kifuani, akayarudisha. Kama angetapika pale, angeinama, na kama angeinama, kila mtu angemwona. Akafumba macho. Koa akamgusa, wa baridi, akakaa.

Mwiko ukaja ukachota jani lile, na koa akaondoka nalo. Sasa kichuguu kilikuwa kwenye nyusi.

Ndipo aliposikia kigoda kikikwaruza sakafu.

"Lazaro," ilisema sauti ya kile kikohozi, "mwambie mwenye nyumba kwamba kwetu chakula cha heshima kubwa huliwa mtu akiwa ameielekea migomba."

Lazaro alizaliwa palepale na hakupata kuisikia mila hiyo hata siku moja. Lakini hakuwa mjinga.

"Ndivyo, Bibi," alisema. "Ni mila ya zamani sana."

Vigoda vingine viwili vikakwaruza. Wazee wote watatu walikuwa wamempa Bibi migongo.

"Na aniongeze," ilisema ile sauti. "Majani haya ni mazuri. Ndaga fijo, asante sana, Bibi."

Anyosisye akafumbua jicho moja, chini chini. Mkono wa mzee, mkavu, wenye kovu kwenye kidole gumba, ulikuwa umenyooshwa nyuma ukishika sahani. Bibi, sauti ikimtetemeka kwa furaha, akaijaza sahani ile. Akaijaza kwa jani lenye koa, lililokuwa bado mwikoni.

Anyosisye alifungua mdomo. Angesema nini? Mke hamsemeshi baba mkwe wake. Mkono ukaondoka na sahani, na baada ya kitambo akasikia jani likivunjika katikati ya meno, taratibu, tena na tena, huku Bibi akiwa ameinama pembeni ya mzee akimtazama mdomoni kama mama anayelisha mtoto. Anyosisye akahesabu kila tafuno.

"Nenda kalete zaidi!" alisema Bibi. "Wanapenda!"

Alirudi jikoni kinyumenyume. Akaosha mdomo wake kwa majivu, akauosha tena, kisha akatapika nyuma ya banda, karibu na lile pipa, mahali panapostahili.

Jioni alipika. Hakuna aliyemwamuru. Aliyachuma majani machanga ya maboga, akayamenya nyuzi moja moja, akayatia chunguni na karanga alizozitwanga mwenyewe, akaacha moto ufanye kazi yake bila haraka mpaka mboga ikalainika na mafuta ya karanga yakaelea juu. Pembeni akapika mbalaga, ndizi za kupikwa zikaiva zikavunjika zenyewe. Nyumba ilinukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo njaa ikamrudia. Alikifunika chungu kwa jani la mgomba, Ambilikile akakipeleka kwa Lazaro, ambako baba yake alilala ugenini.

Jua lilikuwa likizama Ambilikile aliporudi. Chungu kilikuwa kitupu, kimefutwa mpaka chini.

"Baba amesema mbele ya wazee wenzake kwamba leo hakumwona mtu," alisema, naye akakaa kitako kama mtu aliyetuliwa gogo begani. "Ng'ombe wabaki walipo. Na ametoa hiki, nikupe wewe."

Kilikuwa kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Anyosisye akakifungua. Ndani yake mlikuwa na saladi, karibu yote, imesinyaa na kuwa nyeusi kwa mafuta, imevunda kwa joto la nguo ya mzee alimoificha mchana kutwa. Juu yake koa alinyoosha vipembe vyake, mzima, hana habari.

"Anasema, mwambie aliyepika," Ambilikile aliendelea, akijitahidi asicheke, "jani moja nililila kweli, maana Bibi alikuwa amenikodolea mdomo, na ningelikataa angenigeuza nitazame nyuma. Mengine namrudishia mwenyewe. Tumbo langu bado linaniuliza kosa lake."

Ambilikile akashindwa, akacheka mpaka akalala ubavu. Anyosisye hakucheka. Alimtoa koa kwa kijiti, akamtupa nje. Kisha akachagua jani moja, si dogo, akalifuta kwa kidole.

"We!" Ambilikile aliinuka. "Na yamini yako?"

Akalitia mdomoni. Lilikuwa baya kuliko alivyowahi kuwaza. Lilikuwa la uvuguvugu na lilikuwa chungu, lilikwaruza kwa mchanga na lilikuwa na pipa ndani yake, na halikwisha. Alilitafuna lote. Alilimeza, likagoma, akalimeza tena, akakaa ameshika tumbo huku machozi yakimtoka.

"Kesho ukimsindikiza baba," alisema alipoweza kusema, "mwambie nami nimelila langu."