Jokofu la Mlingotini

Kila Jumatatu Msabaha alikunywa chai kwa mhogo wa kuchemsha, akatundika shingoni mpira wake wa kufyonzea mafuta, akapanda ngazi kwenda kazini. Mwaka ule wa 1974 tangi moja kubwa lilikuwa limeegeshwa angani juu ya kijiji cha Mlingotini, mwendo wa saa mbili kupita mawingu. Lilihifadhi mafuta ya vyombo vya angani, meupe kama maji, yenye baridi isiyo kifani. Msabaha aliajiriwa kwa kuwa alikuwa amehamisha mafuta ya taa, pipa hadi pipa, miaka ishirini bila kumwaga tone.

Kazi ya juu ina adabu zake. Huko mafuta hayajui chini ni wapi. Huelea yamejiviringa kama tonge, mpaka tangi lisukumwe kidogo ndipo yakae mdomoni. Bomba nalo hupozwa kwanza, la sivyo mafuta huchemka yakapotea. Msabaha alielezwa yote, akaitikia. Siku bomba lilipogoma akafanya alivyozoea: akachomeka mpira, akafyonza.

Yakaja. Akameza funda moja, akamaliza zamu, akateremka kuomba uji wa moto. Uji ukaganda kwenye kijiko. Mkewe, Dija, akahamishia mkeka wake chumba cha pili.

“Nakupenda, baba Tatu, lakini meno yananigongana.”

Fundi wa tangi alisema si kitu, akiota jua wiki mbili baridi itamtoka.

Ila Gertruda, nesi wa zahanati, alimwahi. Jokofu lake lilitumia mafuta ya taa, na mafuta hayo yaliishia kwenye taa za karabai za mabwana wa ugavi. Mwaka uliopita chanjo ya surua iliharibikia humo, na mjukuu pekee wa Msabaha, mtoto wa binti yake Tatu, akafa kwa surua. Sasa Tatu alikuwa amejifungua tena.

“Shikamoo, mzee. Naomba unipakatie hili boksi la chanjo.”

“Marahaba, mwanangu. Mpaka lini?”

“Mpaka mafuta yaje.”

Msabaha akaacha kazi ya juu, akakaa kwenye benchi la zahanati miezi tisa, kivulini. Mjukuu alichanjwa kwa dawa nzima. Surua ilipopita kijijini masika yale, haikumgusa. Msabaha alilia kwa furaha, na Gertruda akafagia chembe za barafu. Kilichomuuma ni kimoja tu, kwamba hajawahi kumbeba mtoto yule hata mara moja.

Gertruda akaandika barua kuomba mafuta, mzee apate kwenda kuota jua. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, akamsomea. Mlingotini imeondolewa kwenye orodha ya mafuta ya taa, kwa kuwa ina jokofu zima lisilotumia mafuta. Likiharibika waarifiwe, watatuma fundi.

Msabaha aliomba asomewe tena. Jua lilikuwa limeingia barazani, limefika vidoleni mwake. Akalitazama kidogo, kisha akasogeza benchi kivulini.