Kurasa Zilizopita Kimyakimya

Mhariri hakumung'unya maneno. Alisema kwenye simu kwamba amesoma mswada mwanzo hadi mwisho na hakuna mahali aliposhtuka. Riwaya za kutisha zilizotangulia zilimkosesha usingizi. Hii ilimletea usingizi. Mwisho wa mwezi ukifika bila mswada mwingine, nafasi ya mwandishi kwenye ratiba ya uchapishaji angepewa mtu mwingine, na lini ingepatikana tena, hilo mhariri hakuliahidi.

Mwandishi alimshukuru, akakata simu, akaenda kumgeuza mumewe ubavu.

Ndivyo siku zilivyokwenda tangu mumewe apigwe na kiharusi: kumwogesha, kumlisha, kumnyoosha vidole vya mkono wa kulia, kufua shuka, kuandika kipande, kumgeuza tena. Hakuwa akilia. Kulia kunataka nguvu, na alizobaki nazo zote zilikuwa na kazi.

Alichoshindwa kuelewa ni mahali kosa lilipoingilia. Aliandika kwa utaratibu uleule wa miaka yote. Mumewe alikuwa fundi nguo, na chumba cha mbele kilikuwa karakana yao wote wawili: mke mezani kando ya dirisha, mume kwenye cherehani ya kukanyaga. Kila alipomaliza ukurasa aliusoma kwa sauti. Cherehani ikiendelea kulia, ukurasa haufai. Ikinyamaza, basi miguu ya fundi imesahau kazi, na ukurasa umepita. Hawakuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno. Jambo liliota lenyewe, kama mazoea mengine ya ndoa. Wateja walipolalamika kwamba nguo zimechelewa, fundi aliwaambia wakadaiane na mizimu anayoiandika mke wake.

Alasiri ile wifi yake alikuja kumpokea zamu. Alikuwa dada mkubwa wa fundi, muuza mitumba, ulimi wake hauna breki. Mwandishi akamsomea sura ya kwanza. Wifi alisikiliza huku akikunja shuka, na mikono yake haikusita hata mara moja.

"Wifi yangu," alisema mwishowe, "huyu mzimu wako ana adabu kuliko mdogo wangu. Amebisha hodi, amekaribishwa, amekaa kwenye kiti."

"Amekuja kuwatisha."

"Amekuja kuwatembelea. Mimi ningemchemshia chai."

Mwandishi hakucheka. Alisema kwamba ukurasa ule ulikwishapita. Wifi akajibu kwamba mambo ya vitabu hayajui, lakini huyo aliyeupitisha ama alikuwa amelala ama hakuwepo.

Mwandishi akaitazama cherehani. Ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu wiki ya kiharusi. Kila ukurasa wa mswada ule aliusoma humu humu, mumewe akiwa kitandani karibu na ukuta, na baada ya kila ukurasa alitega sikio kama alivyozoea. Kimya. Basi akauweka kwenye rundo la zilizopita. Hakuna ukurasa hata mmoja uliokuwa umekataliwa, naye hakujiuliza kwa nini. Uchovu ulikuwa umemfanya ashukuru kila kitu kilichokwenda haraka.

Akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda. Daktari alisema tangu mwanzo kwamba mgonjwa anaelewa kila kitu, na maneno machache yalikuwa yamemrudia. Mkewe alikuwa akiyatumia kumwuliza kuhusu maji, maumivu na choo tu.

"Mswada wangu," alimwambia. "Uliusikia wote?"

"Wo-te."

"Ukoje?"

Mdomo ulihangaika. Wifi alitaka kumsaidia, mwandishi akamzuia kwa mkono.

"M-baya," alisema fundi. Akavuta pumzi. "Sa-na."

Wifi akaziba mdomo kwa shuka.

"Na hukusema, baba?" aliuliza mwandishi.

"Hu-ku... u-liza."

Lilikuwa kweli. Lilimchoma mwandishi kuliko maneno ya mhariri. Muda wote ule alidhani kipaji kimemkauka kwa kuuguza, kumbe alikuwa na msikilizaji mzima ndani ya mwili mgonjwa, akamsomea kama anayesomea ukuta.

Hakuomba radhi, wangefika huko wakipata nafasi. Alimwinua mumewe, akamwegemeza kwenye mito, akamwuliza kama mkono wa kushoto unaweza kumkatiza asomapo sentensi isiyofaa. Fundi akauinua kidogo juu ya blanketi ili aone.

Alisoma sentensi ya kwanza. Mkono ukainuka kabla hajafika kwenye nukta. Akaifuta, akaandika nyingine, akaisoma. Mkono ukainuka tena, safari hii upesi zaidi, na upande wa uso wa fundi ambao haukupooza ukaonekana kufurahia jambo.

"Amekuwa hakimu sasa," alisema wifi, akaenda jikoni kuepua maji ya kumwogesha.

Mgongo ulikuwa unamuuma mwandishi. Maji yangepoa, na ingebidi yachemshwe upya. Mwandishi akageuza karatasi upande usioandikwa, akaanza sentensi ya tatu.