Ketrina Wawili Mtoni

Jamani, hili ukimsimulia mtu hakubali. Hata waliokuwepo pale mtoni kwa macho yao, wakianza kulisimulia wanaanza kwa kuapa. Lakini limetokea, hapahapa Tunduma, Jumapili, jua limewaka, watu kama sabini wanatazama.

Lilianzia kwenye fomu.

Mwalimu Amoni Simbeye ni mchungaji wa Baptisti, ila hakuna anayemwita Mchungaji. Miaka thelathini na nne ya chaki haitoki kwa kuwekewa mikono na wazee wa kanisa. Akihubiri anasema, "Kimya hapo nyuma!" Na siku ya ubatizo anaingia majini na daftari la mahudhurio, anaita kila mtu kwa majina yake matatu kama yuko darasa la nne, na wewe unajibu "Nipo!" Ukijibu kwa kunong'ona, anarudia jina lako mpaka uitike vizuri. Watu wanacheka, lakini wanapenda.

Sasa Jumatano ile, Tabita, katibu wa kanisa, akaingia na fomu za waliomaliza darasa la ubatizo.

"Mwalimu, njoo ucheke kidogo. Angalia hii. Haya, angalia na hii."

Ketrina Jonasi Sinkala. Ketrina Jonasi Sinkala. Mwaka wa kuzaliwa mmoja. Shule ya msingi moja, kule njia ya Msangano.

"Mapacha wa karatasi!" Tabita akapiga makofi. "Mmoja ni nesi wetu wa zahanati, mwingine yule mama aliyesoma darasa la ng'ambo, Nakonde, Bana Clever, yaani Mama Clever, anayeuza dagaa. Wamesoma shule moja na hawajuani? Si ndiyo shule uliyokuwa mwalimu mkuu wewe?"

Mwalimu hakucheka. Alikaa. Kiti kilikuwepo, bahati.

Maana yeye alijua. Duniani walijua watu wawili tu, yeye na nesi.

Iko hivi. Miaka hiyo kulikuwa na binti anaitwa Erica, ametoka kwao Itaka kukaa na shangazi yake. Kichwa, aisee! Hesabu anafanya kabla hujamaliza kuandika ubaoni. Wiki ya mtihani wa darasa la saba akashikwa na malaria, akafanya mtihani anatetemeka, akafeli. Na kurudia darasa la saba ilikuwa marufuku. Lakini walimu wa vijijini walikuwa na njia yao, kila mtu alikuwa anaijua na hakuna aliyekuwa anaisema: unatafuta jina la mtoto aliyeacha shule, jina bado linasoma kwenye orodha, mwenyewe hayupo. Unamkalisha aliyefeli kwenye kiti chake.

Ketrina alikuwa ametoroka darasa la sita, amevuka kwa ndugu zao Zambia, baba yake Jonasi amefariki. Nani angerudi kuuliza? Mwalimu akamwita Erica ofisini, akamwambia, "Kuanzia leo wewe ni Ketrina. Ukiitwa, itika."

Akaitika. Akafaulu. Sekondari, chuo cha uuguzi, ajira ya serikali, vyote kwa jina la Ketrina. Mwalimu alikuwa anajivunia kimoyomoyo. Alijiambia ameokoa mtoto mmoja bila kumuumiza mtu.

Na sasa mwenye jina amerudi.

Ijumaa nesi alikuja mbio nyumbani kwa Mwalimu, bado amevaa sare, hata shikamoo aliitoa akiwa anahema.

"Mwalimu, nimeona orodha kwenye mlango wa kanisa, jina mara mbili. Yupo?"

"Yupo."

"Si ulisema amevuka, hatarudi?"

"Nilisema."

"Tunafanyaje?"

"Mwanangu, wewe subiri. Batizwa mwezi wa tisa."

"Nisubiri nawaambiaje watu? Zahanati nzima wanakuja na vigelegele, gauni jeupe limeshashonwa. Nikijitoa wataanza kuchimba." Akakaa chini kwenye ngazi. "Kwenye uhakiki wa vyeti vya watumishi nilipita nimefumba macho, Mwalimu. Nina watoto wawili na mama mgonjwa. Usiseme. Ahidi."

"Sitasema."

"Siyo kama mchungaji. Ahidi kama mwalimu wangu."

"Nimekuahidi, Erica."

Aliposikia jina hilo akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma.

Jumamosi asubuhi, hodi. Bana Clever, kitenge cha Zambia kiunoni, mfuko wa dagaa mkononi, sauti imemtangulia getini.

"Ba teacher! Mulishani, habari za siku? Ala, umezeeka! Zile fimbo umemwachia nani?"

"Karibu, Ketrina," Mwalimu akasema.

"Ee, niite tu! Wewe peke yako unaniita hivyo." Akakaa, akavua viatu, uso ukabadilika. "Mara tatu nimekwenda kuomba kitambulisho. Nimezaliwa Msangano, baba amezikwa Msangano. Wananiambia, mama, Ketrina Jonasi Sinkala tunaye, mtumishi wa serikali, vyeti vyake vyote viko sawa. Nikawauliza, sasa mimi ni mzimu? Wakacheka. Kule Zambia ni Mtanzania, huku ni Mzambia. Laini ya simu ni ya shemeji. Mtoto wangu Clever wanamdai karatasi za mama shuleni, mama hana."

Mwalimu alikuwa anaangalia dagaa.

"Nilipoona jina lako kwenye kibao cha kanisa nikasema, Mungu mkubwa. Huyu alinishika mkono nikaandika 'K'. Kesho nitoke majini na jina langu, halafu Jumatatu tuongozane, useme tu, huyu namjua. Utanisemea, ba teacher?"



"Nitakusemea," Mwalimu akasema.

Alipoondoka, mkewe Mwalimu, Mama Elizabeti, akatoka jikoni amejishika kiuno. Alikuwa amesikia jana na amesikia leo.

"Baba, umemwahidi huyu na umemwahidi yule. Una midomo mingapi?"

"Nitapanga orodha. Nesi awe wa kwanza, nitaita 'Ketrina' basi. Huyu awe wa mwisho, nitaita 'Bana Clever'."

"Na Jumatatu?"

Uji ulipoa, akaletewa mwingine, na huo ukapoa.

Jumapili walikwenda mtoni. Kijito chenyewe ni kidogo, kwa hiyo vijana walikuwa wamekizuia kwa viroba vya mchanga tangu asubuhi mpaka maji yakafika kiunoni. Mwezi wa sita huku unaujua ulivyo, yale maji yanang'ata. Mwalimu aliingia na daftari lake. Ukingoni watu kumi wamejipanga. Nesi mbele na gauni lake jeupe. Bana Clever nyuma kabisa anawatania wenzake, "Atakayelia maji baridi simjui!"

Kwaya ikanyamaza. Mwalimu akafungua daftari. Njia nzima alikuwa amejikumbusha: Ketrina, basi. Ketrina, basi.

Lakini jamani, mdomo wa mwalimu! Miaka thelathini na nne haujawahi kuita jina nusu. Akavuta pumzi, na kabla hajajishika likatoka zima, kwa sauti ya gwaride:

"Ketrina Jonasi Sinkala!"

"Nipo!"

"Nipo!"

Sauti mbili. Watu wakaangua kicheko. Tabita ndiye aliyecheka zaidi, "Si niliwaambia? Mapacha!"

Bana Clever hakucheka. Alitoka kwenye mstari akaja mbele, maji yakamfika magotini, akamtazama nesi juu mpaka chini.

"Mwenzangu, wewe ni Ketrina wa Jonasi gani?"

Nesi akashika upindo wa gauni lake.

"Nakuuliza vizuri. Jonasi Sinkala wa Msangano alikuwa na binti mmoja tu, na ndiye mimi. Wewe ndiye mtumishi wa serikali? Wewe ndiye umekaa kwenye jina langu?"

Kicheko kikafa. Nesi hakumwangalia Bana Clever hata kidogo, alimwangalia Mwalimu. Na Bana Clever naye akageuka kwa Mwalimu. "Ba teacher. Sema."

Mwalimu aliwaangalia wote wawili. Alihisi mchanga unahama chini ya miguu yake. Kusema ni neno moja. Kunyamaza nako ni neno moja. Wote wawili alikuwa amewafundisha kusoma.

"Ketrina ni huyu," akasema, akamnyooshea mkono Bana Clever. "Na huyu ni Erica. Jina nilimpa mimi. Hakuiba. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, nilimwambia itika, akaitika. Mwizi ni mimi."

Mama mmoja alijifunika mdomo kwa khanga.

Erica akashuka majini taratibu mpaka akamfikia. Akaongea chini, lakini wa mbele walisikia.

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi, mwanangu."

"Uliniambia nitakuwa mtu. Nimekuwa. Na umenivua mbele ya watu wote." Machozi yalikuwa yanamtoka. Halafu akageuka ubavu, akaziba pua, kama walivyofundishwa darasani. "Haya, nibatize."

"Kwa jina gani?"

"Kwani umeniachia lingine?"

Akamzamisha. "Erica," akaita. Alipotoka majini hakuna aliyepiga kigelegele. Erica alipanda ukingoni, akachukua viatu vyake mkononi, akaondoka na gauni linachuruzika, kinyume na njia ya watu. Bana Clever alibatizwa palepale, kwa majina yake matatu, na alilia kama mtoto mpaka akashindwa kusimama.

Jumatatu Mwalimu aliongozana naye ofisi ya vitambulisho kama alivyoahidi. Aliandika maelezo yote kwa mkono wake, kurasa nne, ya kwake na ya Erica, akasaini. Akaambiwa asubiri nyumbani, ataitwa. Bana Clever akampigia magoti barabarani, Mwalimu akamwinua.

Wakati wa kurudi alipita zahanati. Mlango umefungwa. Kwenye benchi la nje kulikuwa na kina mama kumi na moja na watoto wa chanjo, wamekaa tangu saa moja. Mmoja mjamzito ameegemea ukuta, amejishika mgongo.

"Mwalimu," akamwita, "nesi wetu simu yake haipatikani. Yule ndiye alinizalisha huyu wa kwanza, usiku mzima hakuniacha. Wanasema wewe ndiye umemfukuza. Ni kweli?"

Mwalimu Amoni alisimama pale juani.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma, na usijibu harakaharaka: ungekuwa ndani ya yale maji, Ketrina wako huku na Erica wako huku, wote umewafundisha, wote umewaahidi, ungefanyaje?