Uji wa Samaki

Daktari wa mifugo alimng'oa paka meno mabovu, akaonya kwamba asipokula leo atarudishwa kutundikiwa dripu. Bibi akaponda samaki mpaka akawa uji. Paka akanusa, akageuza kichwa, ute wenye damu ukamchuruzikia bibi mapajani.

"Kitendawili!" bibi akamwambia mjukuu wake, aliyemshika paka ndani ya taulo. "Nje hariri, ndani choo."

"Bibi, usimtukane mgonjwa! Bakuli linamtonesha vidonda. Mlambishe kwa kidole."

"Kidole changu hiki? Salale!"

Lakini mbavu za paka zilikuwa zikihesabika. Bibi akakunja uso, akachovya. Ulimi ukamlamba, wa moto, unanuka uvundo.

"Amekula, bibi!"

"Nyamaza, nisije nikatapika," bibi akasema, akachovya tena.