Kikuku cha Talib bin Miraji

Picha iliingia Jumapili asubuhi katika kundi la WhatsApp la Wazanzibari wa London: kikuku cha fedha cha mtoto mchanga, kimepinda, kimechorwa maandishi ya Kiarabu. Aliyeituma ni Rupa, Mhindi wa Neasden ambaye wazee wake walitokea Unguja. Alikuwa akifanya kazi katika makumbusho madogo huko pwani ya Kent. Wapiga mbizi walikitoa kikuku hicho ndani ya meli ya mizigo iliyozamishwa na nyambizi ya Wajerumani mwaka 1917, na Rupa aliuliza kama yupo anayelijua jina lililochorwa: Talib bin Miraji, Wete.

Siham alimsomea mama yake kwa sababu tu ya kuona neno Wete, mji wa kwao Pemba. Babu yake mwenyewe alimjua kwa jina la Talib Shaame.

Bi Jokha alikuwa mezani anachambua mchele. Mikono ikasita.

"Hebu rudia."

Siham akarudia.

"Huyo ni baba yangu."

"Babu si Shaame, mama?"

"Shaame ni babu yake mzaa mama. Jina la baba yake alilitupa."

Ndipo Siham aliposikia habari ambayo haikuwahi kusemwa katika nyumba yao ya Woolwich. Miraji alikuwa baharia, kazi yake kutia makaa kwenye matanuri ya meli. Aliondoka Pemba akamwacha mkewe, Afra, na mimba changa. Walikubaliana kwamba akizaliwa mwanamume ataitwa Talib. Hakurudi. Baada ya vita akatokea mtu aliyesema amemwona Cardiff, ana mke wa Kizungu na duka. Pengine alitaka tu aonekane anajua mambo, lakini watu walimwamini. Afra hakukaa eda, maana hakuambiwa kuwa ni mjane, na hakuolewa tena, maana hakuachwa. Mwanawe alikua akiitwa mtoto wa mtoro. Alipokimbilia London baada ya mapinduzi, mtu mzima mwenye mke na watoto, Talib alikwenda Cardiff zaidi ya mara moja kuwauliza mabaharia wazee.

"Alikuwa akimtafuta baba yake?"

"Alitaka kumtukana," alisema Bi Jokha. "Amtukane mbele ya wanawe wa Kizungu. Aliniambia mwenyewe."

Wiki ile ile walipanda treni Stratford wakaenda Kent. Rupa aliwapokea mlangoni, akamshika mkono Bi Jokha mpaka kwenye kiti. Aliwaeleza taratibu, kwa Kiswahili alichokipata kwa wazee wake. Meli ilikuwa imetoka London inakwenda Aden. Waliokuwa juu waliwahi mashua. Waliokuwa chini, kwenye matanuri, hakutoka hata mmoja. Kikuku kilikutwa huko chini.

"Alikuwa zamu," Rupa alisema. "Nadhani alikuwa nacho mwilini."

"Lakini alijuaje kama mtoto ni mwanamume?" Siham aliuliza.

"Mabaharia walikuwa wakipeana habari za nyumbani bandarini," mama yake akajibu, macho kwenye kikuku. Alikiweka kiganjani, akajaribu kupitisha vidole. Viliingia viwili tu.

"Alidhani atamkuta bado mchanga," alisema.

Rupa alisema jamaa wa marehemu wanaweza kuomba wapewe, na kwamba yeye angewasaidia. Bi Jokha alitikisa kichwa. Mwenyewe hayupo, alisema, kikae hapo hapo watu wakione.

Kesho yake alitaka kupelekwa kaburini kwa baba yake. Siham alidhani mama atazungumza na marehemu, akasogea kando ampishe. Bi Jokha alisimama, baridi ikimpiga usoni, kisha akamwita.

"Nilikuja nimwambie. Sasa naogopa."

"Unaogopa nini, mama?"

"Nikimwambia, 'Baba yako hakukukimbia,' nitakuwa namwambia ameumia bure maisha yake yote. Miaka sabini na sita amemlaani maiti."

Walisoma Yasin pamoja, wakamwombea Talib, na kwa mara ya kwanza wakamwombea na Miraji. Kwenye basi la kurudi Bi Jokha alikuwa akitazama nje.

"Alikuwa akitupeleka Margate, pwani hiyo hiyo ya Kent, kila kiangazi," alisema ghafla. "Sisi tukichezea maji, yeye anakaa kwenye mchanga ameipa bahari mgongo. Tukimwita haji. Na baba yake alikuwa pale pale mbele, chini ya maji."

Ndipo machozi yalipomtoka, na hakuyafuta.

Ijumaa walisoma hitima nyumbani. Majirani na jamaa walijaa sebuleni na kwenye ngazi, wakala pilau, wakatoa pole huku hawajui sawasawa waseme nini. Mwanamke mmoja aliyechelewa, Mwatima, aliketi karibu na Bi Jokha akamshika mkono.

"Pole sana, Bi Jokha. Nani amefariki?"

"Babu yangu."

Mwatima alimtazama yule ajuza, asielewe. "Lini tena?"

"Sisi habari tumezipata juzi," alisema Bi Jokha, na akamsogezea sahani.