Ubao wa Kushoto

Asubuhi ile vijana wa timu ya kikapu ya chuo walifika ukumbini saa kumi na mbili kamili, wakakuta mlango umefungwa. Kwa miaka kumi na saba haikuwahi kutokea. Nahodha wao, aliyeitwa Ngazi kwa urefu wake, akaugonga mlango kwa mpira.

"Leo mzee kakumbatia shuka!" akasema, wenzake wakacheka.

Pini, mchezaji mwenzao, hakucheka. Mzee mwenye funguo alikuwa baba yake, na baba yake hakuwa mtu wa kuchelewa. Akatoka mbio hadi nyumbani, mitaa mitatu kutoka pale. Akamkuta mama amekaa kitandani, ameushika mkono wa mumewe. Baba alikuwa amevaa kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa sakafuni, kamba zimeshalegezwa. Funguo zilikuwa kwenye mfuko wa koti, na koti kwenye msumari wake.

Siku ya tatu baada ya mazishi mama alimwekea Pini funguo zile mkononi.

"Baba yako hakupenda watu wasimamishwe mlangoni," akasema.

Msimu ndiyo kwanza ulikuwa unaanza.

Sasa, sakafu ya ukumbi ule ilikuwa na siri yake. Upande wa kushoto, hatua nne kutoka golini, palikuwa na ubao mmoja uliokufa. Mpira ukidunda pale haupandi; unakaa chini kama mtoto aliyenuna. Wenyeji waliujua ubao ule kama ulimi unavyolijua jino bovu. Wao waliuzunguka bila hata kutazama chini, na mgeni walimsukumia huko huko. Mpira ukimfia mgeni, wao wameshaondoka nao. Mahali hapo walipaita Kaburi.

Baada ya msiba jina hilo likawa halitamkiki mbele ya Pini. Mtu angeanza, "Msukumie kwenye Ka..." halafu akakohoa. Msimu ule timu nzima ilikuwa na kikohozi.

Nyumbani walishinda mechi zote tisa. Ugenini walipata na kukosa, na mashabiki wa vyuo vingine wakapata la kuimba: nyumbani simba, ugenini paka! Hata hivyo pointi zilitosha. Fainali ingechezwa kwao.

Siku nne kabla ya fainali, Pini aliingia stoo kutafuta pampu. Nyuma ya makopo ya rangi akakuta ubao mpya, umerandwa, umepigwa msasa, umekatwa kwa kipimo. Mgongoni, kwa penseli ya seremala, palikuwa na mwandiko wa baba: *Kushoto. Kabla msimu haujaisha.*

Akautoa nje, akawaonyesha wenzake.

"Tutaupigilia tukishabeba kombe," Ngazi akasema. "Kaka, ubao ule ni mchezaji wetu wa sita. Unamtoaje kabla ya fainali?"

"Baba kaandika kabla."

"Mzee hakujua kama tutafika fainali!"

"Alijua," Pini akasema. "Asingehangaika kuupiga msasa mara mbili."

Kocha, mtu wa maneno machache, aliupitisha ubao ule kiganjani, huku na huku.

"Wewe unaweza kuuweka?"

"Nilikuwa namshikia misumari tangu niko darasa la pili."

"Uweke. Na tukifungwa, Pini, utazunguka nao mgongoni mji mzima."

"Hatufungwi," Pini akasema, na hakuwa akijikaza. Aliamini.

Mchana ule akang'oa ubao mfu, akapachika kabari chini, akaupigilia mpya. Akadundisha mpira juu yake mara moja tu. Ukapanda hadi kiunoni.

Siku ya fainali ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kufikia mapumziko wenyeji walikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja. Katika chumba cha kubadilishia nguo Ngazi alivua jezi, akaikamua jasho sakafuni.

"Nilisema mimi. Mcheza kwao hutuzwa, sisi tumeitupa tuzo yetu wenyewe."

"Si ubao, ni miguu yetu," Pini akasema. "Bado tunapazunguka. Kila tukienda kushoto tunapinda pale pale, na wale jamaa wameshaona. Wanatungoja kwenye kona kama watu waliopanga foleni."

Ni kweli, kila mtu aliiona kona ile kichwani mwake.

"Miguu imezoea," mmoja akasema polepole. "Ikifika kwenye Ka..." Akakohoa.

"Kaburi," Pini akasema. "Semeni tu. Kaburi la baba liko kule nje ya mji, mimi huenda kila Jumapili. Hapa pana ubao wake tu, na ni mzima. Pitieni juu."

Kocha akafungua mlango. "Mmesikia. Mimi sina la kuongeza."

Wakapita juu. Mara ya kwanza Ngazi alifumba macho kama anayeruka mtaro, na mpira ukamrudia mkononi. Akapiga kelele kwa mshangao, refa akamtazama. Kona ikabaki na walinzi wanaolinda hewa. Tofauti ikawa saba, ikawa nne. Zilipobaki sekunde tisa, ikawa moja.

Mpira ulikuwa kwa Pini. Akaenda kushoto, moja kwa moja. Akadundisha juu ya ubao wa baba, mpira ukapanda safi kama salamu iliyoitikiwa, akaurusha juu kwa Ngazi, na Ngazi akautumbukiza.

Kengele ikalia.

Ngazi alimnyanyua kama gunia. "Mchezaji wa sita hakutoka!" akampigia kelele sikioni. "Alibadilisha jezi tu!"

Pini alicheka mpaka akalia, kisha akaomba ashushwe, kwa kuwa watu walikuwa wanaanza kutoka na yeye ndiye wa kufunga.

Siku hizi ukumbi hufunguliwa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Funguo anazo Pini.